Bi Mbodze na Masanduku Yetu

Kwenye karatasi za chuo aliandikwa mlezi wa bweni, cheo ambacho hakikumtisha mtu. Sisi wasichana arobaini na wawili tuliolala chini ya ulinzi wake tulimwita Mama, hata wale tuliofika na ujeuri wetu wa bara. Jina lake kamili lilikuwa Mbodze wa Tsuma, Mduruma wa Taru, mjane, mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyopitwa na kitu.

Mimi ni Nereah. Baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na ndoto yake ilikuwa nami nivae aproni nyeupe kama yeye. Ndipo akanipeleka chuo hiki cha bweni, kando ya barabara ya kwenda Msambweni, nikasomee upishi. Wapo waliosomea ushonaji na wapo waliosomea kupiga chapa. Nina hasira za karibu na ulimi usiosubiri, jambo ambalo nimeambiwa na watu wengi, na ninayoyasimulia hapa ndiyo yaliyonifanya niwaamini.

Kila msichana alikuja na sanduku la bati na kufuli. Kufuli dukani huuzwa na funguo mbili, na siku ya kwanza kabisa, kabla hujaonyeshwa kitanda, Bi Mbodze alikunyooshea kiganja akitaka ufunguo mmoja. Chumbani mwake palikuwa na ubao wenye misumari arobaini na miwili, kila msumari na nambari yake. Wasichana hupoteza funguo, alisema, na sanduku likishavunjwa mara moja halifungiki tena. Saa nne asubuhi, tukiwa darasani, alipita kitanda kwa kitanda akivuta kila kufuli. Akikuta sanduku lililo wazi, alilifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Ukitaka kubadilisha nguo jioni, ilikubidi uende kubisha kwake na kupewa adhabu: kufagia ukumbi wiki nzima. Nilifagia ule ukumbi mara tatu, na mara zote nilinuna.

Alikuwa na dharau fulani kwa watu wazembe, lakini alikuwa na upendo usiotangazwa. Agosti ya mwaka wa tisini na saba, fujo zilipozuka Likoni na watu wa bara wakawa wanafungasha, bwenini tulikuwa kumi na tisa tusio na pa kukimbilia. Bi Mbodze alitoa kiti chake akakiweka mlangoni. Kila aliyekuja kuuliza mle ndani mna nani alijibiwa kwamba mna watoto wake. Alikaa pale wiki mbili, akiinuka tu kwenda msalani na jikoni. Nalisema mapema jambo hili ili msomaji ajue nilikuwa naongea na mtu wa aina gani nilipokuja kufungua kinywa changu.

Jambo jingine alilolianzisha ni desturi ya misiba. Mume wake, Tsuma, alifariki mwaka wa themanini na sita. Chuo kilimpelekea barua ya pole na sukari. Katika watu wote aliofanya nao kazi, aliyefika Taru kumzika alikuwa mmoja tu, Mzee Mramba, mlinzi wa langoni. Bi Mbodze aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo akamwambia kwamba tangu siku ile, msichana wa bweni lake akifiwa, hataondoka peke yake. Wataondoka wote. Na ikawa hivyo. Tulipanda lori la chuo tukaenda kulia Kibuyuni kwa watu wa bahari, tukaenda Kinango, tukaenda hadi Mariakani. Wenyeji walishangaa kuona wasichana arobaini wakiteremka wamejifunga leso, wakaingia jikoni kusaidia bila kuambiwa. Sisi wa bara tulijifunza kulia kwa Kiduruma kabla hatujajua kusalimiana kwa Kiduruma.

Alitarajiwa kustaafu Desemba ya mwaka wa tisini na nane. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita bila kitu kuibwa bwenini, hata kanga iliyoanikwa, naye alitaka aondoke na jina hilo. Hakuwa na kingine cha kuondoka nacho, na alilisema hilo waziwazi.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita mwaka huo, saa mbili asubuhi, simu ya ofisini ililia. Karani wetu aliitwa Duncan, kijana makini aliyependa kuandika kila kitu. Sauti ya mwanamume ilimwambia kwamba baba yake Shutu wa Mackinnon Road amefariki alfajiri na mazishi ni alasiri. Kisha simu ikakatika. Duncan alimwambia Bi Mbodze kwamba angependa kwanza kuhakikisha, maana mpigaji hakutaja jina.

"Umhakikishe nani?" Bi Mbodze akamuuliza. "Mleta habari ya msiba haulizwi jina, mwanangu. Kwetu mtu aweza kuzua deni, aweza kuzua mimba. Kifo hakizuliwi. Ukikitaja chaja."

Nani angebishana na maneno kama hayo? Shutu aliitwa kutoka darasa la ushonaji akiwa na sindano mkononi. Hakulia. Alitetemeka mwili mzima mpaka tukamvika sweta kwenye joto la Diani.

Saa tatu tulikuwa ndani ya lori, wote. Mzee Mramba naye alipanda. Yeye na baba yake Shutu walikuwa wa ukoo mmoja, na mtu akikosa kumzika wa ukoo wake huko kwao, bora asirudi tena. Alifunga lango kwa mnyororo, akatia ufunguo mfukoni, akaja kukaa nasi nyuma. Hakuna aliyeona ajabu. Huu ndio upumbavu wetu wote, na ulitokana na wema.

Tukapanda Kwale, tukashika Kinango, tukatokea Samburu. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua za El Nino, na kila shimo lilimrusha Shutu mapajani mwangu. Tuliingia Mackinnon Road yapata saa saba, tukiwa tumejaa vumbi, na kabla lori halijasimama Bi Mbodze akaanzisha kilio. Tukakipokea. Tuliteremka tukilia, tukamshika Shutu kwapani, tukaelekea nyumbani kwao kwa mguu.

Mzee Mwinga, baba yake Shutu, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba akimtoa mbuzi kupe.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile, lakini hakuna lililowahi kunigandisha hivyo. Tulikuwa tumemlilia njia nzima. Alikuwa na kupe kidoleni. Alituona, akaona wanawake wamefunga leso, akamwona binti yake amebebwa, akasimama, na uso wake ukabadilika kwa hofu.

"Nani amefariki?" akauliza.

Mke wake alitoka jikoni mbio, akatuona tunalia, akajitupa chini naye akalia bila kujua analia nani. Majirani wakaja. Wakaanza kulia. Shutu ndiye aliyepiga yowe la kweli, akajaribu kukimbia kurudi barabarani, akidhani anaona mzimu. Mramba alimkimbilia akamshika. Mzee Mwinga alirudia swali lake mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Tuliambiwa ni wewe," Bi Mbodze akasema hatimaye.

Mzee yule alijishika kifua, kana kwamba anahakikisha. Kisha akaketi tena kwenye kigoda, polepole. Wengine walianza kucheka kile kicheko cha mtu aliyenusurika. Veronicah, msichana wa Machakos ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila mzaha, akaninong'oneza, "Huyu mzee ameona vile tutamlilia. Wachache hubahatika." Nami nilicheka. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Bi Mbodze hakucheka. Aligeuka akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, "Nereah, bwenini kumebaki nani?"

Nikasema hakuna.

"Na langoni?"

Mramba alikuwa mbele yetu, amemshika Shutu mkono.

Alitaka tuondoke saa ileile. Mzee Mwinga akakataa. Kilio kimeshaingia nyumbani kwake bila maiti, alisema, na hakitatoka mpaka waliokileta wale chakula pale, la sivyo kitabaki kikimtafuta mwenyewe. Kwa hilo Bi Mbodze hakuweza kubisha, maana na yeye aliliamini. Mbuzi akachinjwa, yuleyule wa kupe. Tulikula kwa haraka na kwa aibu. Bi Mbodze aliketi akiangalia barabara, ameshika kipande cha nyama ambacho hakukipeleka kinywani mpaka alipoambiwa.

Tulifika chuoni giza likianza kuingia. Mnyororo wa lango ulikuwa vilevile. Mlango wa bweni ulikuwa umefungwa. Ndani, vitanda vilikuwa vimetandikwa kama tulivyoviacha, na chini ya kila kitanda kulikuwa na sanduku, na kwenye kila sanduku kufuli. Tukashusha pumzi wote kwa pamoja. Veronicah akasema jamaa mshenzi alitaka tu kutuchezea, na wengine wakaanza kuvua viatu.

Bi Mbodze aliinama kwenye kitanda cha kwanza, akaliinua sanduku kwa mkono mmoja. Akalirudisha. Akaenda la pili, akaliinua kwa mkono mmoja. Akaenda la tatu.

Sanduku la bati lililojaa vitu vya mwaka mzima haliinuliwi kwa mkono mmoja. Kisha kila mmoja alipiga magoti kwenye lake.

Langu lilikuwa limebaki na gazeti nililotandika chini, na kijiko. Sare zangu nyeupe mbili, viatu vyeusi vya kwenda navyo mazoezini hotelini, redio ya kaseti aliyoninunulia baba, vyeti vyangu vya shule vilivyokuwa ndani ya bahasha, vyote havikuwapo. Mwizi alikuwa amefungua, akachukua, akafunga tena. Hakukuwa na hata mkwaruzo. Sijui kwa nini kule kufunga tena ndiko kulikoniuma zaidi. Ni kama mtu aliyekunyang'anya kisha akakuaga kwa adabu.

Wasichana walikuwa wanalia, safari hii bila kuanzishiwa. Mimi sikulia. Nilisimama, na kwa sauti iliyofika hadi jikoni nikasema: "Makufuli hayakuvunjwa. Funguo ziko kwa nani?"

Sikuhitaji kumtazama, lakini nilimtazama. Watu wote wakamtazama. Mwanamke aliyekaa mlangoni wiki mbili ili nisiguswe.

"Kwangu, mwanangu," akasema.

Polisi walikuja kesho yake. Walikuta ubao wa funguo ukiwa kamili, kila ufunguo kwenye msumari wake, na mlango wa chumba cha Bi Mbodze haujaguswa. Walimwita kituoni wakamhoji kuanzia asubuhi hadi jioni. Alirudi kwa miguu, akapita katikati yetu, na kati ya arobaini na wawili ni Shutu tu aliyesimama kumwamkia. Sisi wengine tulijidai tunafua, ingawa wengi hatukuwa tumebakiwa na cha kufua.

Siku ya nne mwizi akapatikana. Kikulacho ki nguoni mwako: alikuwa Cliff, fundi aliyetutilia vioo vya madirisha mwaka uliopita, vile vya vipande vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Alikula jikoni kwetu muhula mzima. Alikwenda nasi msibani Kibuyuni na kulia kuliko sisi. Alikuwa ameuona ubao wa funguo, akaijua desturi yetu, akangoja. Siku ile alikuja na gari dogo kwa nyuma, upande wa mikorosho, akatoa vioo alivyovitia mwenyewe, akaingia chumbani mwa Bi Mbodze akatwaa funguo, akaingia bwenini vilevile kwa dirisha, akafanya kazi bila haraka, akazirudisha funguo na vioo. Alikamatwa Ukunda akiuza pasi ya Veronicah, ambayo chini yake Veronicah alikuwa amechora jina lake kwa msumari. Vitu vingine vilikuwa vimekwisha kusafiri. Polisi walituambia pia kwamba walikuwa wawili: aliyepiga simu alikuwa mwenzake, na huyo hajulikani alipo wala jina.

Nilikwenda kwa Bi Mbodze kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima.

"Ulisema kweli," akanikatiza. "Zilikuwa kwangu."

Afadhali angenitukana.

Jioni hiyo aliushusha ubao, akamrudishia kila mtu ufunguo wake. Kisha akakitoa kile kiti, akakiweka mlangoni. Alisema mbele yetu sote kwamba amebakiwa na miezi sita, na hataki waje waseme kwa Mbodze vitu vilikuwa vikiibwa. Watasema viliibwa mara moja tu. "Kutoka leo hakitoki kitu humu, hata sindano. Na habari ya msiba ikija, mwenye msiba aende na mwenzake mmoja. Mimi sitoki mlangoni hapa."

Mkuu wa chuo naye akamwonya Mramba kwamba akiliacha lango tena, asirudi. Kwa hiyo tulikuwa na wazee wawili walioketi, mmoja langoni na mwingine mlangoni, kila mmoja akiwa na aibu yake.

Bi Mbodze alikula pale kitini, akachambua mchele pale, akasinzia pale mchana wa jua kali. Tukienda kuoga alituuliza tumebeba nini, tukirudi alitazama kama tumerudi nacho. Uso wake ulikonda. Nami, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwanza kumtuhumu, nikawa wa kwanza kumsifu. Nilimletea chai kila asubuhi. Nilisema mbele ya wengine kwamba sasa tunalindwa kweli. Hivyo ndivyo nilivyodhani majuto hulipwa.

Wiki ya mwisho ya Julai, siku ya Jumanne, saa nne kasoro, sote tulikuwa bado kibarazani mwa bweni tukingoja walimu waliochelewa mkutanoni. Tulimwona Duncan akikatiza kiwanja mbio. Alifika kitini akihema.

"Mama, kuna simu. Ni kutoka Taru. Anasema ni ndugu yako Baya. Mama yenu ana hali mbaya, anakuulizia. Baya yuko dukani kwenye barabara kuu, anangoja uje uzungumze naye."

Kutoka bweni hadi ofisini ni mwendo wa dakika mbili. Bi Mbodze alijiweka sawa kitini.

"Umesikia ni Baya?"

"Mimi siijui sauti yake, Mama. Amejitaja jina. Nilimuuliza jina, kijiji, jina la mama, yote ameyajua."

"Hata Cliff angeyajua, na mwenzake bado yuko nje. Alikula nami." Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuumwa. "Sasa wanichagua mimi. Wataka nivuke kiwanja, niache mlango, wao wako pale kwenye mikorosho. Mwambie huyo mwizi kwamba Mbodze amekaa."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; tulimwelewa. Tulimwelewa mno. Wasichana wakapiga makofi, na aliyeanza kupiga ni mimi. Veronicah akasema, "Mama amekuwa mjanja, hawamwezi tena." Duncan alisimama pale, anatutazama mmoja mmoja. Labda alikuwa anangoja mtu mmoja aseme: nenda, Mama, ni dakika mbili, sisi tutakaa mlangoni. Tulikuwa arobaini na wawili. Hakuna aliyesema. Duncan akarudi ofisini akitembea.

Jumatano asubuhi akaja tena, safari hii na karatasi, maana alikuwa ameandika kila neno. Bi Mbodze aliisoma polepole akisogeza midomo. Iliandikwa kwamba mama yake amefariki usiku, mazishi yatangoja hadi Alhamisi alasiri ili afike.

"Jana mgonjwa, leo maiti," akasema. "Waongeza chumvi."

Akaikunja karatasi ile mara nne, akaitia chini ya mguu wa kiti uliokuwa ukiyumba.

Duncan alisema, kwa sauti ya chini, "Mama, je, ikiwa ni kweli?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona akikasirika. Alimuuliza Duncan kama anajua yeye alikuwa nani kabla ya siku ile ya Mackinnon Road, na sasa ni nani. Alimuuliza kama aliwahi kupita katikati ya watoto aliowalea, wote wakainamisha vichwa. Mimi niliangalia vidole vyangu vya miguu. Usiku huo, na wa kufuata, nilimsikia akikohoa mlangoni, na nikalala vizuri nikijua yupo.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunaanika nguo. Mzee Mramba alikuja kutoka langoni akitembea kwa shida. Alikuwa ameacha lango wazi. Nyuma yake alikuja mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati la vumbi na kichwa kilichonyolewa upesi. Nilimjua. Alikuwa Baya, ambaye huja kila baada ya miezi michache na asali kwenye chupa. Bi Mbodze alikitazama kile kichwa. Watu wa kwao hawanyoi hivyo ila kwa jambo moja tu, na sote tuliokuwa tumekwenda misibani tulilijua.

Baya alisimama hatua chache kutoka kitini. Hakupaza sauti.

"Dada, tumemzika mama juzi. Tulikungoja siku mbili."

"Nani aliyepiga simu?"

"Mimi."

"Ya kwanza?"

"Mimi. Alikuwa hai bado. Nilikwenda dukani mbio ili nirudi nimwambie mama kwamba waja. Karani akarudi akaniambia umekataa kuja kwenye simu. Sikumwambia mama hivyo. Nilimwambia uko njiani." Akajifuta uso kwa kiganja. "Akawa akiuliza kila gari likipita."

Kamba ya nguo ilikuwa mkononi mwangu. Niliiachia, na shuka la mtu likaanguka mchangani, na hakuna aliyeliokota. Nilimtazama Bi Mbodze nikingoja alie, maana nilimjua anavyolia, alitufundisha sisi. Hakulia. Alikuwa akitingisha kichwa kidogo, kidogo, kama mtu anayesikiliza maelezo marefu na kukubaliana na kila neno. Nilitaka anigeukie aniambie lolote, hata la kunilaani. Sauti iliyouliza funguo ziko kwa nani ilikuwa yangu, na makofi yalianza mikononi mwangu, na yeye alijua.

Aliinuka. Akajifunga leso kiunoni, akavaa kandambili zake. Ndipo tukashtuka kutoka pale tulipoganda, na wasichana kadhaa wakaanza kusogea kuelekea ndani, wachukue leso zao, waitwe dereva, lori litoke. Tulijua la kufanya. Tulikuwa tumefanya mara nyingi.

"Bakini," akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo ambalo hadi leo linanikosesha usingizi. Alisema kwa upole kabisa. "Bakini, wanangu. Mulinde vitu vyenu."

Akaondoka na Baya kwa miguu kuelekea barabarani. Mramba aliwafuata hadi langoni akasimama akiwatazama, anatikisa ufunguo mkononi, hajui kama anaruhusiwa kutoka. Shutu ndiye peke yake aliyekimbia. Hakuingia hata ndani kuchukua leso. Alianua kanga iliyokuwa ikidondoka maji kwenye kamba, akajifunga hivyohivyo, akawafuata.

Sisi arobaini na mmoja tulibaki. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa chini ya vitanda. Mimi nilikuwa nimetumiwa blanketi jipya wiki ile, na kufuli langu lilikuwa bado lilelile alilolifungua mwizi.